Walifunika Jina kwa Manila

Mama yangu mdogo aliwapikia watu wali, wakala wakashiba, wakanawa kwa maji aliyowamiminia yeye mwenyewe, kisha wakasimama mbele ya ubao wa darasa langu wakatangaza kwamba haijulikani kama yu hai au amekufa. Miaka mingi imepita. Nimestaafu, nina wajukuu, napimwa presha kila mwezi na daktari ananisihi nisikasirike ovyo. Kwa jambo hili nakasirika, na wala si ovyo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Songea, upande wa Bombambili, nikiishi kwa mama mdogo kwa sababu mshahara wa mwalimu haukutosha kupanga chumba na kula pia. Maduka ambako zamani tuligombania sabuni yalijaa ghafla redio na viatu na khanga za kila rangi. Marobota ya mitumba yalifunguliwa sokoni asubuhi, na kufika mchana hata mzee wa kanisa alikuwa amevaa fulana yenye maandishi asiyoyaelewa. Tulifurahi, nisiwe mnafiki. Lakini zahanati tuliyozoea kuingia mikono mitupu sasa ilitutaka tuchangie, na tuje na daftari letu la kuandikiwa. Serikali ilipopunguza mkono, magari meupe yakaongezeka. Kila gari lilikuwa na mradi wake umeandikwa ubavuni, na kila mradi ulitaka kutujua: tunakula nini, tunalala wangapi chumba kimoja, tunaharisha mara ngapi. Tulijibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tuliambiana.

Mama mdogo alikuwa na banda la chakula stendi ya mabasi. Alipika wali wa mchele wa Tunduru, maharage, na dagaa wa Nyasa aliowakaanga mpaka wakawa wanavunjika mdomoni. Madereva walishuka wakimwita kwa mbali, "Mama pacha, tupo," naye akawa ameshaanza kupakua. Hilo ndilo lililokuwa jina lake mjini. Alikuwa na la ubatizo alilopewa na mapadri, na jingine alilolipata aliposilimu kuolewa na Myao wa Nakapanya, kule Tunduru, dereva wa malori, mtu mpole aliyemcheka mkewe kila alipojaribu kutamka maneno ya kwao. Majina hayo mawili sikuwahi kumsikia mtu akiyatumia nje ya ofisi. Ungefika Bombambili ukamwulizia kwa jina lolote kati ya hayo, ungerudi ulikotoka. Ungesema mama pacha wa stendi, mtoto yeyote angekushika mkono akakuleta mpaka mlangoni.

Sasa mtu anayeuza chakula anaishi kwa imani ya watu juu ya mikono yake. Mama mdogo alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikuwa akinawa mpaka vidole vinajikunja, na kucha zake alizikata fupi kama za mwanafunzi anayeogopa ukaguzi. Banda lile ndilo lililowavisha pacha wake sare za shule. Likifa banda, nyumba nzima inakufa nalo, na mimi nikiwemo.

Kikohozi kilipomshika hakikutoka. Akapungua, usiku jasho likamlowesha shuka. Hakungoja aambiwe na majirani. Alifunga banda siku ileile aliyoona damu kwenye leso, akawaambia wateja kwamba kifua kinamsumbua, akaenda zahanati. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Yeye hakuficha kwa aliyepaswa kujua, na bado akaja kuumbuliwa. Kifua kikuu, nesi alisema, na kinapona ukimeza dawa mpaka mwisho. Kila asubuhi akaenda kuchomwa sindano na kumeza vidonge mbele ya macho ya nesi. Aliambiwa lini hawezi tena kumwambukiza mtu, na hapo ndipo alipofungua banda, si siku moja kabla.

Inabidi nieleze yule nesi alivyoandika rejesta yake, maana hasira yangu yote imeanzia hapo. Mitaa yetu haikuwa na majina ya barabara wala namba za nyumba. Nesi alitakiwa kumfuata nyumbani mgonjwa yeyote wa kifua kikuu aliyekosa dozi, na alikwenda kweli, kwa baiskeli, sketi ameibana kwa pini. Basi kwenye sehemu ya makazi aliandika mtu anavyopatikana. Sio "Bombambili" tu, kwa sababu Bombambili ni kubwa. Aliandika: mama pacha, anauza chakula stendi, nyuma ya kilabu cha pombe ya komoni, mlango wa kijani, mume dereva wa malori. Kila mgonjwa aliandikwa hivyo. Mwingine ni mke wa pili wa fundi cherehani, anayekaa karibu na kisima kibovu. Mwingine ni kijana mwenye jicho moja anayeziba pancha. Ukiwa mgonjwa na ukashindwa kuinuka, maneno yale ndiyo yaliyomleta nesi kitandani kwako. Nilikuwa nayaona ni maneno ya upendo, na mpaka leo nayaona hivyo.

Mama mdogo alipomaliza sindano, akiwa amebakiwa na vidonge tu, lori la mumewe lilipinduka mlimani njia ya Tunduru, kipindi cha mvua. Utelezi. Watu wa Bombambili walikwenda kwa baiskeli kulitazama lilivyolala magurudumu juu. Maiti ikapelekwa Nakapanya, na mjane akaenda kukaa eda kwa wakwe zake, kama inavyotakiwa. Nesi aliandika kwenye rejesta kwamba mume amefariki na mgonjwa amekwenda eda Tunduru, akamfungia dawa, akampa karatasi ya kuonyesha zahanati ya kule, akamwambia: ukikatisha hapa, utakuwa umefanya kazi bure.

Hakukatisha. Mama mkwe wake, ambaye mimi nilimwita bibi, alikuwa mwanamke mkavu wa mwili na wa maneno. Alimpoteza mwana, na huzuni yake aliimalizia kwa mkwe. Kila alfajiri baada ya swala alikuja na kikombe cha uji na vidonge mkononi. Mjane ameze, afungue mdomo, bibi atazame chini ya ulimi. Mwanamke aliye kwenye eda hana safari, hana shamba, hana soko, hana mgeni wa kumchelewesha. Dawa zilipokwisha, bibi alikwenda mwenyewe zahanati kuchukua nyingine. Eda ilipokwisha alimpandisha mkwe wake basi mpaka hospitali ya wilaya, makohozi yakapimwa, yakawa safi, wakaendelea na vidonge mpaka siku aliyoambiwa basi, umepona. Mama mdogo alirudi Songea na mashavu. Nesi alipomwona stendi alimkumbatia mbele ya abiria, na tangu hapo mchana wa kazi alikula wali kwake.

Na kwenye rejesta, sehemu ya mwisho inayosema mgonjwa aliishia wapi, nesi hakuandika kitu. Ningekuwa mimi nisingeandika pia. Utaandika vipi kwamba mtu amepona, na mtu mwenyewe anakuuliza kama akuongeze maharage?

Watafiti walikuja kiangazi kilichofuata, kwa gari jeupe. Kiongozi wao alikuwa daktari kutoka Dar es Salaam, kijana bado, miwani myembamba, sauti ya upole. Sitaki kumfanya shetani. Alikuja na kibali kilichogongwa mihuri mpaka karatasi ikachoka, na nesi aliambiwa kutoka juu afungue kabati. Walitaka kujua kwa nini wagonjwa wa kifua kikuu huacha dawa katikati. Swali zuri. Watu walikuwa wanakufa kwa kuacha dawa, na dawa haivumbuliwi kwa ramli. Lazima mtu asome walioumwa kabla yake. Hilo silipingi, sikulipinga hata siku ile.

Nesi alinisimulia walivyofanya kazi. Walikata kipande kirefu cha karatasi ngumu ya manila, upana uleule wa sehemu ya majina, wakakilaza juu ya kila ukurasa kabla ya kunakili, wakakibana kwa mipira ya kufungia noti. Mnakili hakuona jina hata moja. Walijivunia manila yao, na walimwonyesha nesi mara kadhaa jinsi inavyokaa sawasawa. Siri ya mgonjwa, wakamwambia, ni kitu kitakatifu. Wakanakili vingine vyote: umri, kazi, watoto, makazi, neno kwa neno. Walifunika jina ambalo hakuna mtu aliyelitumia, wakalibeba lile ambalo mji mzima uliliita. Na hakuna aliyetoka zahanati kwenda kumwuliza mgonjwa yeyote kama anaridhia, wala kama bado anakohoa.

Baada ya miezi kadhaa wakarudi kutoa mrejesho. Ndivyo walivyouita. Wangeweza kuutuma kwa posta, lakini mradi ulitaka "jamii ishirikishwe", na ukumbi wa bure uliokuwa karibu ni darasa langu. Wajumbe wa mtaa, walimu, mashehe wawili, katekista, wafanyabiashara wa stendi, wote walialikwa. Chakula kiliagizwa kwa mama mdogo. Alifurahi kama msichana. Alianza kupika kabla jua halijachomoza, akawavalisha pacha mashati safi wabebe sahani.

Gari lilichelewa mpaka saa ya chakula, kwa hiyo watu walikula kwanza, wageni nao. Yule daktari mtafiti aliketi kwenye dawati la mwanafunzi wa darasa la tatu, magoti yamemfikia kidevuni, akaomba aongezwe dagaa. Akamsifia mama mdogo mbele ya watu. Kisha akanawa, akafuta miwani, akasimama.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Tuliambiwa wangapi walimaliza na wangapi hawakumaliza, na mjumbe mmoja alisinzia. Halafu akafika kwenye sehemu aliyoipa kichwa cha habari "Mila zinazokwamisha matibabu", akasema atatoa mfano halisi, jina limehifadhiwa.

Akasoma: "Mwanamke, mfanyabiashara wa chakula stendi, mama wa pacha, makazi nyuma ya kilabu cha komoni. Mume, dereva wa malori, alifariki mgonjwa akiwa kwenye matibabu. Mgonjwa aliondoka kwenda kukaa eda kwa wakwe zake wilaya ya Tunduru, hakurudi kumalizia dawa. Hatima yake haijulikani. Uwezekano mkubwa ni kwamba amefariki."

Aliyekuwa anasinzia akaamka. Hakuna aliyetazama karatasi ya mtafiti. Wote waligeuza shingo kutazama mlangoni, ambako mama mdogo alikuwa ameinama anakusanya sahani kwenye beseni, na pacha wake wamesimama ubavuni, huyu na mwenzake, mashati yaleyale.

Naomba msomaji aangalie maneno yale vizuri. Yalikuwa kweli, karibu yote. Mume alikuwa dereva wa malori, na alifariki. Ila hawakusema lori lilipinduka, kwa sababu rejesta haikusema. Na miaka ile, ukitamka kifua kikuu, ukaongeza dereva wa malori, ukaongeza kifo na mjane, huhitaji kutamka tena. Watu wanamalizia wenyewe. Nilisikia nyuma yangu mtu akinong'ona kwamba kumbe yule bwana alikanyaga waya, ndivyo tulivyousema ukimwi bila kuutaja. Mtu huyohuyo alikwenda kwa baiskeli kulitazama lori.

Mama mdogo aliweka beseni chini. Akajifuta mikono kwenye khanga.

"Samahani, wakubwa," akasema. "Huyo mnayemsema ni mimi."

Mtafiti akatabasamu kwa huruma. Alimwambia kwamba hilo haliwezi kuthibitishwa. "Majina yote tumeyaondoa, mama. Hata sisi wenyewe hatujui ni nani." Alilisema kama mtu anayeleta habari njema.

"Humu ndani wote wamenijua kabla hujamaliza kusoma," mama mdogo akamjibu. "Asiyenijua ni wewe, na wali wangu bado uko tumboni mwako."

Wachache walicheka, wakaacha haraka. Yeye hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeomba haki yake kaunta, kwamba dawa alimaliza. Alizimezea ndani ya eda, kila alfajiri, mama mkwe akimtazama, na hiyo eda wanayoiita kikwazo ndiyo iliyomponya. Basi waandike hivyo. Wafute pale wanaposema hatima haijulikani, waandike alipona.

Mtafiti alimsikiliza mpaka mwisho, hilo namshukuru. Kisha akaeleza kwamba taarifa zimeshafungwa na kupelekwa, na kwamba hawezi kubadilisha rekodi bila kujua ni ya nani, na hawezi kujua ni ya nani kwa sababu majina yameondolewa. "Na nikikuandika wewe, mama," akamalizia, "nitakuwa nimevunja siri yako."

Nikasimama. Darasa lilikuwa langu, ubao wangu, chaki zilizoko ubaoni nilizinunua mwenyewe. Nilimwuliza kama siri ni kitu anachofichwa mwenye siri peke yake. Nilimwuliza ni nani kati yao aliyetembea kutoka zahanati mpaka stendi, maana njia ilikuwa imeandikwa mpaka rangi ya mlango. Nadhani nilisema na mengine, kwa sababu koo liliniuma siku mbili. Mwenyekiti wa mtaa akaniomba niketi, mwalimu, tusiwaaibishe wageni. Wageni wasiaibishwe! Mwenyeji alikuwa amevuliwa nguo mbele ya wanawe, na aliyeombwa kunyamaza ni mimi.

Gari jeupe liliondoka kabla ya jua kuzama. Sisi tulibaki na stendi.

Hakuna aliyemtukana. Watu wetu hawatukani, wanapungua. Dereva aliyekuwa wa kwanza kupiga kelele "tupo" akasema tumbo halijatulia. Mwingine akasema amefunga, na Ramadhani ilikuwa mbali, kisha tukamwona banda la jirani akisafisha mfupa. Mama mdogo alipika sufuria ileile, akarudi nayo nusu, kesho yake robo tatu. Tulikula wali wa kiporo mpaka pacha wakaanza kuuchukia. Shuleni nilimkuta mwanafunzi amefuta kikombe cha maji kwa pindo la shati baada ya mmoja wa pacha kunywa. Nilitaka kumchapa. Nikakumbuka kwamba hofu hiyo mtoto hakuitunga mwenyewe.

Nesi alikuja banda lilipokuwa tupu, akaketi palepale anapoketi siku zote, akaagiza. Alikula huku machozi yanamtoka bila kuyafuta. Alisema, "Dada, niliandika vile ili nikufuate usipokuja. Sikuandika ili usomwe." Mama mdogo akamwambia ale, chakula kinapoa. Nesi akasema tena kwamba kumbe angeandika neno moja tu pale mwisho. Hapo mimi nilimkatiza. Yeye alikuwa na mgonjwa wake mbele ya macho, mzima. Waliokuwa na sehemu tupu na swali ni wao, na walichagua kuijaza kwa kifo badala ya kuuliza.

Nilituma ujumbe Nakapanya kwa kondakta wa basi. Sikuomba kitu, nilieleza tu yaliyotokea. Basi la keshokutwa yake likamshusha bibi, na kapu la korosho kichwani, na mkeka. Nilimpokea kwa shikamoo, akaitika akiwa tayari anatafuta banda kwa macho. Aliposimuliwa upya yote, kuanzia manila mpaka mrejesho, aliigeuza mikono yake akaitazama. Nilidhani hakuelewa.

"Mimi ndiye ninayeosha maiti za wanawake kule kwetu," akasema mwishowe. "Niliyoyaona kwenye miili yao nimeyazika nao. Ni amana ile. Hawa wenu hata hawakumngoja afe."

Sijawahi kusikia jambo hilo likisemwa vizuri zaidi, na nimesoma vitabu vingi tangu hapo.

Kesho yake bibi alitandika mkeka mbele ya banda, mahali ambapo huwezi kupita bila kumwona, saa ambayo mabasi ya Tunduru huingia. Akamwita mkwe wake. Wakaketi, sahani moja kati yao, wakala kwa mkono, tonge la huyu na tonge la yule kwenye mchuzi uleule. Abiria wakashuka. Wengi walikuwa watu wa kwao. Mwosha maiti kila nyumba ya kule inamjua, na ukimkuta ugenini huwezi kumpita kama mti. Walimwamkia mmoja mmoja. Yeye aliitikia, na kila aliyeitikiwa aliambiwa jambo lilelile: "Kaa ule." Mama wa huyo aliyealikwa, bibi ndiye aliyemwosha, kwa mikono ileile iliyokuwa sasa kwenye sahani. Angekataa vipi? Wakaketi, wakala, wakalipa, wakakuta dagaa ni watamu.

Alifanya hivyo kila siku mpaka mkeka ukachakaa upande mmoja. Aliyemwuliza alimsimulia bila haya jinsi alivyokuwa anatazama chini ya ulimi wa mkwewe, na jinsi mwanawe alivyobanwa na lori, mvua, utelezi, kilima kile. Madereva walikuwa wa mwisho kurudi. Wale waliokuwa marafiki wa marehemu walirudi kwa aibu, wakiongea kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Yule aliyefunga kabla ya Ramadhani hakurudi kamwe, na mama mdogo alisema Mungu amkubalie swaumu yake.

Banda halikufa. Nalisema mapema kwa sababu najua kuna watakaosema basi, si yaliisha vizuri, hasira ya nini? Hasira ni kwamba halikuokolewa na aliyelitia moto. Kitabu cha utafiti kilifika zahanati baadaye, jalada zuri, karatasi laini. Nesi alinifungulia ukurasa. Mama mdogo alikuwa mle, wa stendi, wa pacha, wa nyuma ya kilabu, na eda yake imekuwa somo la watu kujifunza jinsi mila zinavyoua. Hatima yake haijulikani. Nilimwandikia yule daktari, nikapata jibu la heshima likinishukuru kwa mchango wangu. Natumaini vijana waliosomea kitabu kile wameokoa watu. Natumaini kwa dhati. Lakini huko walikosomea, kama kitabu hicho kipo bado, wanafundishwa kwamba mwanamke aliyeniamsha leo asubuhi kwa simu kuniuliza bei ya mchele amekufa.

Kabla sijaandika haya nilimwendea. Amezeeka, banda wanaendesha wajukuu, ila mchele bado anauchagua mwenyewe kwa sababu hawaoni mawe. Nilimsomea mstari kwa mstari. Alinizuia mara kadhaa. Alitaka mlango niubadilishe rangi, nikaubadilisha. Alitaka kilabu kiwe cha pombe nyingine, na watoto wake wawe tofauti na walivyo, nikafanya alivyotaka, kwa hiyo usihangaike kumtafuta nyuma ya kilabu cha komoni. Nilimwuliza kama nitaje jina lake, mojawapo ya yale mawili, maana siku ile darasani aliumia kuambiwa haijulikani ni nani.

Alipepeta ungo kidogo. Akasema jina niliache, halikuwa jina alilolidai siku ile.

"Lile neno lao la mwisho ndilo nililotaka walibadilishe," akasema. "Wewe liandike."

Alipona.